Niliagiza printa ya L805 ya refabishi (iliyotumika ikakarabatiwa), nimeletewa L800. Nibaki nayo au nidai pesa?

Shiro wa 45

Habari zenu wadau. Nina kibanda cha picha Githurai 45. Kazi yangu kubwa ni picha za pasipoti, kisha 4x6 za harusi na mahafali, na siku hizi vikundi vya akina mama vinataka kadi za wanachama za PVC, yaani za plastiki. Printa yangu ya zamani imechoka na mpya ya rangi sita sina uwezo nayo kwa sasa. Nikaona tangazo la duka moja la mtandaoni lenye ofisi mjini (jina nalibana mpaka haya mambo yaishe): "Epson L805, refabishi kutoka nje, imefanyiwa sevisi, waranti miezi mitatu." Shilingi 24,500, pamoja na chupa sita za wino na pakiti ya karatasi. Nikalipa zote kwa till yao ya M-Pesa.

Vituko vilianza kabla hata sijaiona. Ujumbe uliingia kwamba mzigo umefikishwa, na mimi nimekaa papo hapo kibandani, hakuna mtu aliyenibishia. Nikipiga dukani, wananisukuma kwa mtu wa boda. Wa boda anasema aliuacha kwa "wakala". Huyo wakala kumbe ni kinyozi huko Kimbo! Alikuwa ameuegemeza ukutani, boksi limesimama kwa ubavu, na wateja wake wanaweka simu juu yake. Maskini hakuwa na habari ni kitu gani.

Kufungua sasa. Chupa za wino ni nne: nyeusi, samawati, majenta na njano. Samawati hafifu na majenta hafifu hazimo, na hizo ndizo zinazolainisha ngozi isitoke na vidoti. Karatasi, hewa. Stika ya mbele inasoma L805, lakini geuza mashine uone bamba la nyuma lenye nambari ya mashine: L800. Kitufe cha Wi-Fi hakipo. Hiyo stika ya mbele nimeikwaruza kidogo kwa ukucha ikaanza kubanduka.

Nikawapigia. Kijana akanijibu kwa upole kabisa, "Madam, hiyo ni mashine ile ile, tofauti ni Wi-Fi tu." Tu! Mimi sina kompyuta kibandani. Mteja anashuka kwenye matatu, ananitumia picha kwa WhatsApp, nachapa kutoka kwa simu, anapanda matatu nyingine. Bila Wi-Fi mashine hiyo kwangu ni kabati. Kisha akaongeza kwamba pesa hairudishwi, nitabadilishiwa "mzigo mwingine ukiingia", na nauli ya kuirudisha ni juu yangu.

Nimechapa ule ukurasa wa kupima matundu ya wino, kwa kushikilia kitufe cha karatasi huku nikiiwasha. Mistari ya njano karibu yote haipo na ya majenta hafifu imekatikakatika. Kwa laptopu ya kuazima nikajaribu picha moja ya harusi, bwana harusi akatoka wa buluu.

Nauliza mawili. Hiyo hedi, kile kichwa kinachorusha wino, imekufa au inatibika? Na nikikataa mashine yote, nidai pesa yangu, nina miguu ya kusimamia? Wa kuniambia "ungenunua mpya" apite tu.

Fundi wa Luthuli

Dada pole. Tuanze na hedi kwa sababu ndiyo roho ya mashine, na kwa maelezo yako sioni kama imekufa.

Kando ya tangi za wino, upande wa kulia, kuna kifundo kidogo cha kuzungusha. Kina mahali pawili: pa kusafirisha na pa kuchapa. Kikiwa kwenye kusafirisha, mrija umebanwa. Mashine itachapa kwa ule wino uliobaki ndani ya hedi, halafu rangi zinaanza kupotea moja moja. Watu wengi huleta mashine kwangu wakilia kuhusu hedi, nami nazungusha hicho kifundo tu. (Nawatoza hata hivyo, watoto wanakula.)

Cha pili, umesema ililazwa kwa ubavu. Kama kifundo kilikuwa wazi wakati huo, hewa imeingia kwenye mirija. Fungua kifuniko utazame ile mirija myembamba. Ukiona sehemu nyeupe katikati ya rangi, hiyo ni hewa. Safisha hedi mara moja, chapa ukurasa wa matundu, uangalie. Ikigoma baada ya mara tatu, izime ilale usiku kucha kwanza. Usifanye kama vijana wanaobonyeza kusafisha kutwa nzima. Wino wa kusafishia haupotei hewani, unamwagika kwenye sponji chini ya mashine, na kuna kaunta inayohesabu. Sponji ikijaa, taa ya wino na ya karatasi zitawaka kwa kupokezana na mashine itakataa kazi mpaka sponji ibadilishwe na kaunta irudishwe sifuri. Kwa mashine ya refabishi hilo ndilo swali la kwanza: kaunta iko wapi? Muuzaji akikuambia "imefanyiwa sevisi" na hajui kaunta, ameifuta vumbi.

Sasa la L800 na L805. Mimi ningebaki nayo wanipunguzie bei. Wino ni uleule wa T673, ubora ni uleule wa nukta 5760 kwa 1440 kwa inchi, tone dogo kabisa ni pikolita 1.5 kwa zote mbili. Picha ikiwa mkononi hakuna mteja atakayejua imetoka kwa ipi. Kadi za PVC inachapa vilevile, mradi kadi ziwe zile zenye mipako ya wino. Tafuta laptopu kuukuu, hata yenye skrini iliyopasuka.

Karani Mstaafu

Mzee Fundi, nakuheshimu, lakini umempa mgonjwa dawa kabla daktari wa polisi hajajaza fomu. Dada Shiro, usisafishe chochote bado. Ukiigusa watasema wewe ndiye uliyeiharibu.

Kwanza kusanya: skrinshoti ya tangazo kabla halijafutwa, ujumbe wa M-Pesa, ule ujumbe wa "umefikishwa", picha ya stika ya mbele na bamba la nyuma kwa fremu moja, na video ya mashine ikichapa ukurasa wa matundu. Halafu waandikie. Simu haina ushahidi. Waandikie kwa WhatsApp na kwa barua pepe, sentensi fupi: niliagiza hiki, nimeletewa hiki, nakataa, narudisha, nataka 24,500 kufikia tarehe fulani.

Miguu unayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kusema bidhaa ni ya modeli fulani ilhali siyo. Modeli, dada. Hapo kwenye "tofauti ni Wi-Fi tu" amekiri mwenyewe. Hilo bango lao la "pesa hairudishwi" haliwezi kuifuta haki uliyopewa na sheria.

Wakikunyamazia, nenda Milimani kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Ilifunguliwa 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaruhusiwa kujisimamia bila wakili. Usipoteze muda na 456, ile nambari ya kuomba M-Pesa irudishwe, hiyo ni ya mtu aliyetuma pesa kwa nambari asiyoikusudia. Wewe ulimlipa uliyekusudia kumlipa, shida ni alichokuletea.

Kijana wa Kayole

Mimi wino niliacha. Natumia Canon SELPHY, inachapa kwa utepe na joto. Karatasi inaingia na kutoka mara nne mbele ya mteja: njano, majenta, samawati, kisha ile ngozi ya juu ya kukinga. Watoto wanapenda kuitazama kuliko picha yenyewe. Haina matundu ya kuziba ukikaa wiki bila kazi. Karatasi na utepe vinauzwa pamoja, seti ya 108, kwa hiyo najua kila picha imenigharimu ngapi kabla sijataja bei. Ila PVC haigusi, na picha kubwa kuliko kadi ya posta, sahau. Shiro akitaka kadi za vikundi, hapo Fundi ana neno.

Shiro wa 45

Asanteni nyote. Nilimsikiliza Karani kwanza, Fundi baadaye, msigombane.

Video nilichukua. Kifundo nilikikuta kwenye kusafirisha! Nikakirekodi hivyo hivyo bila kukigusa. Kuwaandikia nikawaandikia, tiki mbili za buluu, kimya. Basi nikaibeba mwenyewe mpaka mjini, imesimama wima mapajani, na kondakta akanitoza viti viwili.

Kijana wa simu ni mdogo kuliko sauti yake. Akamwita bosi. Bosi akaanza na kupunguza 3,000, akapanda mpaka 6,000, na chupa mbili za wino zilizokosekana akazitoa chini ya meza pale pale, kwa hiyo zilikuwepo siku zote. Nikaibandua ile stika ya mbele mbele ya wateja wengine wawili waliokuwa wakiangalia printa. Nikamsomea ujumbe wangu, na ile habari ya modeli na Milimani. Hakubishana na sheria, alitazama mlango. Mmoja wa wale wateja alishatoka.

Tumefikia hapa: amenirudishia 15,000 kwa M-Pesa nikiwa nimesimama, na 9,500 ameandika kwa risiti yenye muhuri kwamba atalipa Ijumaa. Alitaka niiache mashine. Nikakataa, nimerudi nayo Githurai mpaka salio liingie, na hilo pia limeandikwa kwenye risiti. Wino amebaki nao.

Kwa hiyo Ijumaa akilipa nairudisha, asipolipa nina L800 ya shilingi 9,500. Fundi, kwa bei hiyo unasemaje?

Fundi wa Luthuli

Kwa 9,500 naomba bosi asilipe. Asipolipa niletee niisome kaunta, na kama sponji ina nafasi usimuuzie mtu yeyote, hata mimi. Ukiileta, hakikisha kifundo kiko kwenye kusafirisha na uibebe wima kama ulivyofanya. Huyo kondakta alipaswa kutoza kiti kimoja, ilikuwa mapajani.

Karani Mstaafu

Na mpaka Ijumaa usiichapie mteja hata picha moja. Ukianza kufanya nayo biashara, atasema umeikubali.

Shiro wa 45

Haijawashwa. Iko chini ya meza, nimeifunika leso. Mteja wa kadi arobaini za kikundi nimemwambia aje Jumatatu, na amenipa nusu ya pesa, kwa hivyo kwa njia moja au nyingine Jumatatu lazima kuwe na printa hapa. Kijana wa Kayole, kuna mtu unayemjua anayekodisha L805 kwa siku?

Kijana wa Kayole

Yupo mmoja Umoja. Nakutumia nambari yake kwa siri, lakini nenda na karatasi yako, na uchape ukurasa wa matundu kabla hujamlipa.