Kampuni za mawakili London zinatuchezea na hizi vekesheni skimu, waseme ukweli au waache kutangaza

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Niko mwaka wa pili nasoma sheria hapa Uingereza, na huu msimu wa kuomba skimu nimeona dharau ambayo sikutegemea kuiona kwa watu wazima ambao kazi yao ya kila siku ni kulinda haki za wateja wao.

Kwa asiyejua, vekesheni skimu ni nafasi ya kufanya kazi kwenye kampuni ya mawakili wa biashara wakati wa likizo, wiki moja mpaka nne hivi, nyingi ni kiangazi, na unalipwa. Ukisikia hivyo unaona ni fildi tu ya kawaida. Sio. Kampuni nyingi kubwa zinachukua sehemu kubwa ya vijana wao humo humo, na zingine hazina kabisa mlango mwingine. Mwisho wa skimu unakaa intavyu, ukipita unapewa mkataba wa mafunzo wa miaka miwili, yale ya kazini ya kukufanya wakili kamili, tena mkataba wenyewe unaanza miaka kama miwili mbele huko. Kwa hiyo ukikosa skimu mwaka wa pili hujakosa kazi ya likizo, umekosa foleni nzima, ndio maana watu hawalali kuanzia Septemba.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote ni dedilaini. Tangazo linasema maombi yanafunguliwa Septemba au Oktoba, mwisho Desemba au Januari. Wewe una lekcha, una insha za kukabidhi, unapanga ratiba yako kwa tarehe hiyo waliyoiweka wenyewe. Halafu chini kabisa ya ukurasa kuna sentensi moja tu, kwamba maombi yanapitiwa kadiri yanavyoingia. Ile sentensi ndiyo inayokumaliza, maana wakati wewe unasoma ili uandike kitu cha maana, wao wameshaanza kuita watu na kugawa viti, na tangazo wameliacha wazi vilevile, potali inapokea vilevile, mtu anatuma wiki ya mwisho kwa imani kabisa kumbe kilichobaki hakijulikani. Ni sawa na kualikwa shughuli saa nane, unafika saa saba na nusu unakuta wanaosha masufuria. Nilimuuliza dada mmoja wa kitengo cha ajira cha kampuni mojawapo kwenye maonyesho ya kazi chuoni, nikamwambia dada naomba uniambie tu, nikituma Desemba bado kuna nafasi au hakuna? Akasema "tunashauri utume mapema." Nikamuuliza mapema ni lini, mwezi gani? Akanirudishia ile ile, tunashauri mapema, akanipa kalamu yenye jina la kampuni akamgeukia mwenzangu. Mnajua idadi ya viti, mnajua vimejaa vingapi, mnashindwa nini kufunga dirisha vikijaa?

Tuje kwenye fomu. Unapakia CV, halafu wanakutaka uandike upya kila kitu kilichomo kwenye CV hiyo hiyo, somo moja moja la chuo na alama zake. Sisi tuliosoma sekondari Afrika Mashariki ukifika kwenye matokeo ya shule unakuta orodha ya kuchagua ina mitihani ya kwao, yako haimo, unachagua "mengineyo" halafu unaandika kwenye kisanduku ambacho hujui kama kuna mtu anakisoma. Baada ya hapo ndio maswali: kwa nini sheria ya biashara, kwa nini sisi na sio washindani wetu, eleza dili moja tuliyosimamia iliyokuvutia, kila jibu maneno 250 au 300 na yakifika yamefika, kisanduku kinakata katikati ya sentensi. Ukitaka kujibu vizuri hukai nusu saa, unasoma habari za kampuni, unasoma magazeti ya biashara, unafuatilia nani kaungana na nani. Allen & Overy waliungana na Shearman & Sterling Mei 2024, Herbert Smith Freehills na Kramer Levin Juni 2025, vyote hivyo uvijue na ujue maana yake kwa biashara yao, manake ukiandika jina la zamani tu umeonekana hujajishughulisha. Sawa, sina tatizo na kujishughulisha, napenda hii kazi na napenda hata kuzisoma hizo dili. Tatizo linakuja pale unapomaliza kuandika, unabonyeza tuma, na dakika hiyo hiyo inaingia linki ya mtihani, na ukiushindwa huo mtihani kuna kampuni ambazo hakuna binadamu atakayefungua ulichoandika. Kwa nini basi mtihani usitangulie? Nipeni mtihani siku ya kwanza, nikishindwa niambieni, wikiendi zangu nizipeleke kwingine.

Mtihani wenyewe mara nyingi ni Watson Glaser, wa kupima jinsi unavyochambua hoja. Maswali 40, dakika kama 30, una sehemu tano, na ile sehemu ya kwanza ndiyo inayotoa watu jasho: unapewa aya fupi halafu unaambiwa kauli hii ni kweli, pengine kweli, taarifa hazitoshi, pengine si kweli, au si kweli. Kati ya "pengine kweli" na "taarifa hazitoshi" kuna uzi mwembamba sana na unaamua ndani ya sekunde, kwa lugha ambayo wengi wetu ni ya pili au ya tatu. Na hawaangalii umepata ngapi tu, wanakulinganisha na kundi la watu wengine waliofanya, na mstari wa kupita kila kampuni inauweka kwake na haikwambii. Huwezi kujua ulikosa kidogo au ulikosa sana. Na mfumo wa ule mtihani unaweza kutoa ripoti ya mfanyaji! Zipo kampuni zinazomtumia mwombaji ripoti yake hata kama amekataliwa, kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Ukipita unaenda intavyu ya video, unaongea na kamera hakuna mtu upande wa pili. Swali linatokea kwenye skrini, sekunde 30 za kujiandaa, dakika mbili za kujibu, saa inahesabu kurudi nyuma pembeni ya uso wako mwenyewe. Hakuna wa kutikisa kichwa, hakuna wa kukuuliza "unamaanisha nini hapo", ukimaliza inakuja asante, kwisha. Mwenzangu mmoja hosteli anafanya hizo intavyu chumba cha kufulia nguo maana ndio penye intaneti inayoshika, anasubiri mashine zimalize ndio aanze.

Halafu ndio kimya. Mwezi, miezi. Na jibu likija linakuja usiku wa manane kutoka anwani isiyojibika, mistari minne, kwamba mwaka huu ushindani ulikuwa mkubwa sana na kutokana na wingi wa maombi hatuwezi kutoa mrejesho kwa mtu mmoja mmoja. Wingi wa maombi mmeutafuta wenyewe, mmezunguka vyuo vyote mnagawa mabegi mnatuhimiza tuombe. Na hao angalau wamejibu, wapo ambao hawajibu kabisa, unajua umekosa siku unapoona picha za waliopata wakiwa wanaanza skimu.

Kuna jambo lingine watu wetu wanalichelewa sana. Hii mbio inaanza mwaka wa kwanza. Kuna programu fupi za siku mbili tatu au wiki za mwaka wa kwanza, na baadhi ya kampuni zinawapitisha waliohudhuria moja kwa moja kwenye hatua za mbele za skimu. Mtoto ambaye baba yake ni wakili anaambiwa hilo kabla hajafika chuo. Wewe umetua Septemba unahangaika na akaunti ya benki na baridi, dirisha linafunguka na kufungwa hujui hata kama lilikuwepo.

Na viza. Mwenye viza ya mwanafunzi anayesoma digrii ya kwanza anaruhusiwa kufanya kazi muda wote wakati wa likizo. Wa mastazi kiangazi chake kinahesabika bado ni muda wa masomo kwa sababu anaandika tasnifu, amefungwa na kile kikomo cha kufanya kazi saa 20 kwa wiki, wakati skimu ni kazi ya kutwa. Tangazo linamkaribisha, fomu inampokea, hakuna sehemu imemwambia, anakuja kugundua baada ya kujiua na maombi.

Sisemi wote ni wabaya. Clifford Chance tangu 2014 wanajulikana kwa kufanya intavyu za mwisho bila msaili kujua mtu katoka chuo gani, hilo ni jambo la haki na nawapongeza. Kuna na ule mfumo wa kupima alama zako ukilinganisha na shule uliyotoka, wazo zuri, ila data zake zimejengwa juu ya shule za Uingereza, aliyesoma shule ya kata yenye vitabu vya kugombania haumsaidii kitu.

Najua mtatokea mtakaosema siku hizi kuna SQE, ile mitihani ya kufuzu usolisita, yaani uwakili wa huku. Ni kweli, tangu Septemba 2021 unaweza kuwa solisita kwa kufaulu hiyo mitihani na kukusanya miaka miwili ya uzoefu, hata sehemu nne tofauti, kliniki ya sheria ya chuo ikiwemo. Lakini ada ya mitihani yenyewe inapita pauni 4,000 kabla hujalipia kozi ya kujiandaa, na wengi wa wanaolipiwa yote hayo ni wale wale waliopata mkataba kupitia skimu.

Ninachodai kinaandikika kwenye ukurasa mmoja wa tovuti yao. Wafunge maombi viti vikijaa. Mtihani utangulie insha na alama yangu nipewe. Waseme tarehe ya mwisho ya kutoa majibu na waishike, kama wanavyonishikia mimi tarehe yangu. Kwa mliopitia mwaka huu, wekeni hapa mwezi mliotuma na mwezi mliojibiwa, anayeanza mwaka wa kwanza Septemba ijayo azikute hizo tarehe za kweli mahali pamoja.