Tupeane uzoefu: mliokuwa klabu ya mazingira shuleni, mradi wenu uliishia wapi?

DumuLaNjano
Wakuu, habari za jioni. Jana nilikuwa natoka Singida kwenda Dodoma, basi likasimama kabla ya Manyoni tuchimbe dawa. Nikaona watoto wa shule wanapita kwa mstari kando ya lami, kila mmoja na dumu la lita tano kichwani. Hakuna aliyeniambia wanakwenda wapi, nilijua. Donge likanikaa kooni mpaka tunafika.

Mimi nilikuwa katibu wa klabu ya mazingira, shule ya kata moja huku kanda ya kati, mwaka 2009. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, basi na mgeni rasmi akaja tarehe 5 Juni. Tukapanda miche 400, mijohoro na mwarobaini. Anayeijua kanda ya kati anajua Juni ni mwezi gani: mvua imeshakata, upepo umeanza, na kuanzia hapo ni vumbi mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Sisi wanafunzi tulisema. Tulikua mashambani, tunajua mbegu inaingia ardhini lini. Tukajibiwa kwamba mgeni hawezi kuja Januari.

Kila mwanafunzi akapewa miti miwili, namba imegongwa kwa msumari kwenye kipande cha bati. Yangu ilikuwa 212 na 213. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, napitia kisimani, kilomita nne na dumu kichwani. Ukifika mikono mitupu, mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Septemba kisima kikaanza kutoa tope. Mama akaniuliza, "Mwanangu, haya maji ni ya kuoga wadogo zako au ni ya mti wa shule?" Sikuwa na jibu. Nikawa napeleka nusu dumu.

Desemba tukafunga shule. Mvua ikaja tukiwa nyumbani, mbuzi nao wakaja, maana boma la miiba watu walishalibeba kuni. Januari tukahesabu miti 31 iliyo hai. 212 haukuwepo. 213 ulikuwepo. Nilipiga magoti nikahesabu majani yake, yalikuwa manane.

Semeni na nyie. Mlifanya mradi gani, na mlipoondoka nani aliutunza?

MamaLishe_Kibaigwa
Juni! Hata sisi Juni. Kila mwaka Juni.

BwanaMiche
Umenikumbusha mbali mkuu. Sisi tulipanda na viriba vyake, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Mgeni alikuwa na haraka, wapiga picha wanasubiri, mwalimu anasema "pandeni, pandeni", na watoto wa kidato cha kwanza hawajawahi kushika mche. Mwaka mzima miti imedumaa, tunaambiwa hatumwagilii, tunachapwa. Siku moja nikang'oa mmoja kwa hasira. Kiriba kizima, cheusi, hakijachanika popote, na mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba ya katani. Nikang'oa wa pili, hivyo hivyo. Nilimpelekea mwalimu ofisini. Aliuangalia akanyamaza, akaniambia nikae. Tangu siku hiyo hakuna aliyechapwa kwa ajili ya miti.

Nilisomea kilimo kwa sababu ya kile kiriba.

KijanaWaTemeke
Wengine tulikuwa Roots & Shoots, zile klabu za vijana alizoanzisha Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Oktoba 2025 nilipopata habari kuwa Jane Goodall amefariki, nilikaa kimya muda mrefu. Ile kitu ilianzia hapa hapa Dar mwaka 1991, na wanafunzi 12 tu. Kwetu tofauti niliyoiona ni kwamba hatukuambiwa "pandeni miti". Tuliulizwa: mtaani kwenu kitu gani kinawasumbua? Tukasema mtaro wa nyuma ya shule, maji yakijaa wadogo zetu wanaugua. Tukauzibua kila Jumamosi, tukawafuata wenye vibanda mmoja mmoja waache kutupa taka humo. Hapakuwa na mgeni rasmi wala fulana. Mtaro ule mpaka leo unapitisha maji, nimeupita Pasaka.

Kichuguu
@KijanaWaTemeke hongera, ila msidharau fulana. Mtoto wa kijijini akipewa fulana anajiona mtu.

KijanaWaTemeke
Sijadharau mkuu. Nimesema hazikuwepo.

BintiWaKilosa
Yetu haikuwa miti. Tulikuwa wasichana tisa, shule ya kutwa, na kila mwezi madawati fulani yanakuwa wazi siku tatu nne. Walimu wa kiume wanaandika "mtoro". Tukaamua kushona pedi za kufua. Flana tulinunua mnadani, mashuka ya zamani tukaombana majumbani, na mke wa fundi cherehani akatufundisha kukata: tabaka nne katikati, mabawa mawili, kifungo chini. Mwalimu wa kike akatupa stoo tuanikie humo, maana kuzianika juani mbele ya wavulana ilikuwa mtihani, na pedi isipopata jua inanuka. Mwisho tukatoboa bati la stoo, tukaweka la plastiki linalopitisha mwanga.

2018 serikali ilipoondoa VAT kwenye taulo za kike tulishangilia, tukadhani kazi yetu imekwisha. Dukani kwetu bei haikushuka hata shilingi, na mwaka uliofuata kodi ikarudi. Tukarudi kwenye cherehani. Mdogo wangu yuko pale sasa, anasema stoo bado ipo na funguo wanaachiana wasichana wenyewe kwa wenyewe.

MamaLishe_Kibaigwa
Nimelia. Mungu awabariki sana.

MzingaWaMwisho
Sijawahi kuandika hili popote. Ni miaka zaidi ya kumi sasa.

Bweni, mkoa wa Tabora. Nilikuwa mwenyekiti wa klabu. Tulikuwa na mizinga sita ya kisasa, tumeitundika wenyewe, kundi la kwanza likaingia baada ya wiki tatu. Mwaka wa kwanza tulivuna lita 38. Tukauza, tukawanunulia sare na madaftari wenzetu wawili ambao hawakuwa na wazazi. Nawaambia hili kwanza ili mjue ule mradi ulikuwa wa kweli.

Mizinga ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo. Wezi wakaanza kuvuna usiku. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao nikaomba isogezwe nyuma ya jiko tuilinde. Mimi.

Siku ya mahafali ya kidato cha nne, asubuhi, akaletwa kijana na mashine ya kufyekea, asafishe nyuma ya jiko kwa kuwa wazazi wanakuja. Nilikuwa napanga viti. Nikasikia mlio wa mashine umekatika ghafla, halafu mlio mwingine ukaanza, kama mvua ya mbali inavyokuja juu ya mabati. Yule kijana akatokea anakimbia, uso hauonekani.

Watu wakakimbilia kila upande. Mtoto mmoja wa kidato cha pili akakimbilia simtanki, akapanda, akajitosa. Nyuki wakabaki juu ya mdomo wa tanki. Kila akiibuka kuvuta pumzi wanamshukia. Nilimwona kwa macho yangu akiibuka mara tatu.

Aliyemtoa ni mama mpishi. Alichomoa gogo linalowaka chini ya sufuria, akajaza majani mabichi ya mwembe kwenye karai, akatembea na ule moshi mpaka kwenye tanki. Hakukimbia, alitembea. Kanga imemfunika kichwa, mikono iko wazi. Alimshika yule mtoto kwapani akamtoa, akamwingiza stoo ya mahindi, akafunga mlango. Sisi tuliobaki tukaja kumkwangua miiba kwa ukucha. Nakumbuka sikio lake la kushoto, lilikuwa limejaa.

Mtoto alilala kituo cha afya siku mbili, akapona. Mama mpishi alikaa wiki nzima macho hayafunguki, kisha akarudi jikoni. Usiku ule ule mizinga yote sita ilimwagiwa mafuta ya taa ikachomwa. Asubuhi nilikwenda kuangalia. Nta ilikuwa imetiririka ikaganda kwenye majivu, bado inanukia asali.

Klabu ikafutwa. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa angenilaumu mtu.

Kichuguu
Pole sana ndugu yangu. Lakini hapa tuseme ukweli: nyuki na shule haviendi pamoja. Basi.

MtotoWaSikonge
@Kichuguu hapana. Sisi tumezaliwa kwenye asali. Babu yangu alikuwa na mizinga mingi na wajukuu uwanjani. Mzinga haukai penye watu, na mashine yoyote inayotetemesha haiwashwi karibu mchana. Ukitaka kufyeka, fyeka kwa panga jioni kabisa, au uombe mfugaji aje na bomba la moshi. Kosa si nyuki.

Kichuguu
Mtoto amekaa ndani ya tanki la maji, wewe unatetea nyuki?

MtotoWaSikonge
Natetea shule yenye wanafunzi ambao sare zao zilitoka kwenye lita 38. Soma vizuri alichoandika mwenzako.

FundiBati
Ukivamiwa na nyuki jipake mafuta ya taa, hawasogei.

Nesi_Mstaafu
@FundiBati tafadhali usiwafundishe watu hivyo, utaunguza ngozi ya mtoto. Kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, ingia ndani, funga. Usijitose kwenye maji, watakusubiri. Mwiba kwangua upesi. Akianza kuvimba midomo au kuhema kwa shida, hapo ni hospitali mara moja.
@MzingaWaMwisho mwanangu, mlikuwa watoto. Kikao kilikuwa na watu wazima.

MzingaWaMwisho
Asante mama.

MwanaPwani_Kwale
Poleni sana wenzetu. Mimi ni wa ng'ambo ya mpaka, pwani ya kusini ya Kenya. Sisi tulipanda mikoko, na tulikosea kama mlivyokosea Juni yenu. Tulichukua mbegu za mkoko, zile ndefu kama vijiti, tukazichomeka mbele kabisa kunakopigwa na mawimbi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa wazi na picha ingependeza. Mwezi mmoja, zote zimekwenda na maji. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akitutazama siku zote. Tulipomwendea akasema, "Mbona hamkuniuliza? Mbele ni pa mlilana. Mkoko unakaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi." Alikuwa akijua toka utotoni mwake.

Nendeni Gazi mkaone Mikoko Pamoja. Wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, wanauza hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo tangu 2013, na pesa zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Pale mtoto hahitaji kuambiwa faida ya mkoko, anaifungua darasani.

BwanaMiche
Hilo la mzee mvuvi liandikwe ukutani shule zote.

Kwa walimu wanaosoma: pandeni mvua ya kwanza ikishalowesha udongo. Kata kiriba, toa, shindilia kidogo. Miti michache. Hamsini inayotunzwa inatosha shule nzima.

FundiBati
Mimi nasema 400 ipandwe, Mungu ndiye anayechagua. Ukipanda hamsini mbuzi akala hamsini?

MamaLishe_Kibaigwa
Mpeni mlinzi wa shule elfu kumi ya likizo, mtaona kama mbuzi ataingia.

BintiWaKilosa
Na maji ya kunawia mikono ya jikoni yasimwagwe. Watoto wasibebe dumu kutoka nyumbani, jamani. Kwanza wengi wanaobeba ni wasichana.

KijanaWaTemeke
Mleta mada, hujatuambia. 213 uko wapi?

DumuLaNjano
Nilisita kuandika. Ulikua. Nilipomaliza kidato cha nne ulinifikia begani, na mara ya mwisho nilipopita, wanafunzi walikuwa wanapanga foleni ya uji kwenye kivuli chake. Mwishoni mwa 2021 yalikuja yale madarasa ya fedha za UVIKO-19, kiwanja kikapimwa, ukawa katikati ya msingi. Madarasa yalihitajika, watoto walikuwa wanakaa chini. Mlinzi alinipigia simu kabla haujakatwa, akaniuliza kama nataka kuja kuuona. Nilikuwa Mwanza, sikuwahi.

Alikichomoa kile kibao cha bati akaniwekea. Kimeingia ndani ya gome nusu yake, kwa hiyo alikata na kipande cha gome. Ninacho hapa mezani.

@BwanaMiche, mbegu za mjohoro zinavunwa mwezi gani?