Mjadala: Matairi ya okazio (yaliyokwisha kutumika) ya 4x4 yafungiwe mpakani, au tuachiwe tuchague wenyewe?

Mwanzisha mjadala (Ndosho, Goma)

Jambo sana, wandugu. Gari likipinduka kwenye njia ya Sake, majeruhi hawajafika hata hospitali, watu wameshatoa hukumu: "Ni hayo matairi ya okazio, yafungiwe mpakani." Mimi napinga kuyafungia. Nina sharti moja, nitalitaja hapa chini, na anayenipinga alete hoja.

Chukueni mtu mwenye Prado ya kubeba watu na mizigo. Meno yamekwisha, ana pesa za matairi manne na hana zaidi. Kwenye maduka ya Birere ataoneshwa vitu viwili vya bei inayokaribiana. Kimoja ni tairi jipya, bado lina vile vinywele vya kiwandani, saizi 265/70R16, lakini lilitengenezwa kwa gari la familia linalotembea kwenye lami. Kingine ni okazio kutoka Ulaya au Dubai, saizi hiyohiyo, ila limeandikwa LT, yaani la gari la mizigo, kuta nene, meno ya AT (ya njia zote, lami na vumbi) yamebaki zaidi ya nusu. Wanaotaka marufuku wanamsukuma achukue la kwanza kwa sababu tu ni jipya.

Someni ubavuni. La lami mara nyingi linaandikwa 112S. Hiyo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa. La LT utakuta 121/118 pamoja na Q au R: kilo 1,450 likikaa peke yake, 1,320 yakifungwa mawili upande mmoja, na Q ni kilomita 160 tu. Nani kati yetu anakwenda 180 kutoka hapa mpaka Sake? Tunalipia mwendo ambao barabara yake hatuna, halafu tunakosa uwezo wa mzigo tunaobeba kila asubuhi. Ila tuelewane: hizo kilo 1,450 ni kwa tairi lililojazwa upepo wake wote. Ukilijaza bari mbili kama la taksi, umenunua jina.

Sharti langu ni umri. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, usipoteze muda kuuliza bei. Napendekeza okazio lililopita miaka saba lisiuzwe, na anayefuta tarehe au kuchonga meno upya kwa kisu cha moto apigwe faini. Mengine tuachiwe.

Mwenye duka la matairi mapya

Mukubwa, nauza mapya, kwa hiyo mtasema natetea sufuria yangu. Ni kweli, naitetea. Lakini nijibuni: huyo Mzungu alilivua kwa nini? Tarehe haikuambii kama lilitembea bila upepo, kama liligonga ukingo wa barabara, kama liliwahi kuzibwa. Unanunua maisha ya mtu usiyemjua.

Na msidhani huko kwao ni mchezo. Mwaka 2012, karibu na Hindhead, Uingereza, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, watu watatu wakafa. Tairi lile lilikuwa na miaka 19, limelizidi umri basi lenyewe. Tangu Februari 2021 sheria yao inakataza tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori. Sisi tunapokea yale yanayokataliwa na watu kama hao, yanatembea kidogo, kisha yanachomwa nyuma ya nyumba zetu na moshi tunavuta sisi.

Kwado wa Birere

Mimi ni fundi wa kuziba matairi, nashinda na hizi kazi mkononi, niseme ninachokiona.

Hapa Goma misumari hainiletei kazi nyingi. Kazi inaletwa na mawe. Jiwe la volkeno likivunjika linakata kama chupa, na halikati pale kwenye meno, linakata bega na ubavu. Tobo la kwenye meno nalifunga, unaenda zako. Ubavu uliochanika sikufungii ukabebe watu, hata ukiniongezea pesa. Wale wa njia ya Rutshuru, pale Kibati lava ya mwaka 2021 ilipokatisha barabara, wanajua ninasema nini. Kwa hiyo upande wa kuta nakubaliana na mwenye mjadala.

Ila papa wa duka naye hajakosea. Okazio halikaguliwi likiwa kwenye janti (ringi). Livuliwe, uingize mkono ndani, uzungushe kiganja ukutani. Ukitoa unga mweusi, au ukahisi mkunjo unaozunguka tairi lote, hilo lilitembezwa bila upepo na nyuzi zake zimekwisha, hata kama nje linapendeza kama la jana. Kisha ukunje ubavu kidogo utazame nyufa. Muuzaji akikataa lisivuliwe, ameshakujibu.

Na vijana, acheni mashindano ya meno makubwa. MT, yaani tairi la tope, kwenye mawe yetu inakamata kokoto katikati ya meno, kokoto inakaa humo, kila mzunguko inachimba mpaka inafika kwenye waya. Juu ya lami yenye mvua nayo inateleza, kwa sababu mpira unaogusa chini ni kidogo. AT inatosha.

Shofere wa Masisi

AT inatosha kwa anayelala Goma! Yaya, panda kutoka Sake kwenda Masisi siku ya mvua, udongo ule unajaza meno ya AT mara moja, unabaki na mpira laini kama sahani, na upande wa kushoto ni korongo. MT inajisafisha ikizunguka. Tusiseme "Goma" kana kwamba wote tunakanyaga udongo mmoja.

Mimi kwenye Hardtop, ile Land Cruiser ya kazi, sitoki kwenye tairi la 7.50R16. Ni jembamba, linakata tope mpaka linapata chini pagumu, wakati lile pana linaelea na kukupeleka linakotaka. Lina mpira wa ndani, kwa hiyo kijijini kokote kijana mwenye vyuma viwili na pampu ya mguu atalifungua. Hilo tairi pana la kisasa likikutoka kwenye janti huko juu bila kompresa, utalala na ng'ombe.

Marufuku yenu najua itafanya nini. Bei itapanda, na wenye magari watatuamuru tutembee mpaka waya zionekane. Tayari wengine wanafanya hivyo.

Mtu wa Lubumbashi

Samahani kuingilia mambo ya Goma, lakini sheria ya mpakani haitaishia kwenu. Huku kwetu njia ya Likasi na ya Kasumbalesa ni lami, watu wanakwenda 110 na mzigo, na jua la mwezi wa kumi mnalisikia tu. Tairi la miaka tisa linaloweza kuvumilia mawe yenu kwa mwendo wa 30, huku linapata moto, tabaka la meno linabanduka lote kwa mara moja. Huku nyufa za uzee ndizo zinazoua kuliko jiwe. Mimi ningesema miaka mitano, na MT ya okazio isiingie kabisa kwenye magari ya abiria. Mkipewa saba yenu, sisi ndio tutaizikia watu.

Mwanzisha mjadala

Ndugu wa Lubumbashi, hoja yako ni nzito kuliko zote hapa. Miaka mitano kwa gari la abiria, sikatai, mradi ihesabiwe kwa kila tairi. Maana papa wa duka, ule mfano wako wa basi unanisaidia mimi. Sheria ile ya Waingereza haiulizi kama tairi ni okazio. Inahesabu miaka tangu litengenezwe, hata kama lilikaa stoo na vinywele vyake. Sasa yale mapya unayoyapanga nje ya duka kwenye jua kuanzia asubuhi, yana tarehe gani?

Shofere, 7.50 yako sawa kwa Hardtop. Mwenye Prado asiige, na asichanganye saizi. 265/75 ina kimo cha karibu milimita 804, 265/70 ina 777. Ukiweka mbili mbele na mbili nyuma kwenye gari linalovuta miguu minne muda wote, unaitafuna difarensha ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, bila kujua.

Mwenye duka la matairi mapya

Njoo usome mwenyewe, sijakufungia mlango. Machache ni ya 2020, na hayo nayauza kwa bei ya kushuka.

Mwanzisha mjadala

Unamwambia mteja kwa nini imeshuka?

Mama mwenye gari (Katindo)

Nyie mnabishana miaka mitano na saba, mimi nauliza nani ataisoma. Wa mpakani atafungua lori zima la matairi na tochi? Atapewa ya soda, litapita. Gari ni langu lakini siliendeshi. Shofere akija kusema tairi limekufa nampa dola, jioni naletewa kitu cheusi cha duara nisichokielewa. Nionavyo mimi, kuanza kungekuwa pale paki, kabla abiria hawajapanda: chama cha mashofere kisome zile tarakimu nne na kuzibandika kwenye kioo ili na abiria aone. Kwado, nikikuletea tairi la okazio kabla sijalipa, unachukua ngapi kulikagua?

Kwado wa Birere

Kukagua ni bure, mama. Kulivua kwenye janti ndiyo kazi ya kulipwa, na alipe muuzaji.