Tupeane uzoefu: ulipookoka, nani alianza, wewe au Mungu?

Mwanzishaji (Jinja): Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Mimi nimeokoka mara nne. Kila mkutano wa injili ulipofanyika uwanjani nilipita mbele, nikaongozwa sala ya toba, na kijana mwenye daftari akaandika jina langu. Mara ya nne alinitazama akaniuliza kama si mimi yule wa mwaka uliopita. Niliona aibu, kwa sababu nilifundishwa kwamba kuokoka ni uamuzi wangu, na uamuzi huo haukudumu hata miezi mitatu. Ufunuo 3:20 unasema Yesu anabisha mlangoni, nikadhani kasoro ni ya mkono wangu unaofungua, hadi nilipokutana na Yohana 6:44, kwamba hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba. Naomba mtueleze yaliyowapata, si mahubiri.

Katekista (Tororo): Nilibatizwa nikiwa mchanga, nimebebwa, nimelala, kwa hiyo nani alianza si swali gumu kwangu. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulifundisha kwamba neema hutangulia, lakini mtu anaweza kuikataa. Hilo la pili nalijua vizuri, maana kwa miaka sita nilisikia ngoma za misa nikiwa nimekaa kwa muuza waragi, nikaagiza nyingine. Siku niliyorudi sikuwa nimeshinda lolote. Hata chupa ilikuwa haijaisha.

Mjukuu wa mlokole (Kabale): Babu yangu aliokoka katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kigezi, huku kwetu kusini-magharibi mwa Uganda, miaka ya 1930. Alikuwa ameiba jembe la jirani, akalirudisha mchana kweupe, amelibeba begani, watu wakimtazama. Tulipomwuliza aliamuaje, alikasirika kidogo, kwa kuwa yeye husema alikamatwa, hakuamua. Lakini jembe alilibeba mwenyewe, na njia ile ni ya mlima. Tangu Agostino, aliyesema neema ya Mungu ndiyo huanza, alipobishana katika karne ya 5 na Pelagio, aliyesisitiza hiari ya mtu, wasomi hawajamaliza neno hili, ila Paulo katika Wafilipi 2:12-13 anawaagiza watu wautimize wokovu wao, na papo hapo anasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Babu aliusoma mstari huo bila kuona mgongano wowote.

Mwanzishaji: Jembe hilo limenichoma. Nina deni la shilingi 180,000 kwa fundi wa pikipiki, na katika sala zote nne sikulikumbuka. Leo asubuhi nimelikumbuka nikiwa napiga mswaki, hakuna mhubiri karibu. Fundi mwenyewe anakaa mtaa wa pili.