Oxford siku nne na mama mkwe mwenye goti bovu: tulale wapi tusifilisike?

MamaGesti_Kirumba aliuliza:

Wadau habari za leo. Wa Mwanza wenzangu, mwangaluka.

Kijana wangu wa kwanza anahitimu shahada ya uzamili kule Oxford mwezi wa saba, siku ya Jumamosi, na sisi wazazi tumealikwa. Tunaokwenda ni watatu: mimi, baba yake, na mama mkwe wangu wa Magu, miaka 71. Huyo bibi ndiye aliyeuza ng'ombe zake kijana akasoma kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo kumwacha nyumbani hata kulitamka sithubutu. Tatizo ni goti lake la kulia. Ngazi kumi anapanda. Ya kumi na moja anakaa hapo hapo anaomba maji.

Mimi naendesha gesti ya vyumba 11 hapa Kirumba, mwaka wa 14 sasa. Mambo ya vyumba sidanganywi kirahisi. Najua picha ya kitanda inavyopigwa kutoka kwenye kona ili chumba kionekane ukumbi, maana hata za kwangu zimepigwa hivyo hivyo. Lakini Oxford imenishinda. Hoteli ya kawaida tu, wala si ya kifahari, katikati ya mji naona pauni 150 kwa usiku mmoja. Nikipiga kwa 3,300 ni karibu laki tano. Kwangu hiyo ni hela ya vyumba 14, na vyumba 14 sina!

Halafu kuna hili. Kila nikiandika watu watatu, mtandao unaniletea chumba kimoja cha familia, kitanda kikubwa na kingine kidogo ukutani. Jamani. Mama mkwe, mwanawe na mimi, chumba kimoja? Bora nikalale stendi. Nikichukua vyumba viwili kwa usiku tano naelekea milioni tano, na hapo sijala wala sijapanda basi.

Sasa naomba waliofika huko waniambie: tukae katikati au pembeni? Nimesikia vyuo vyenyewe vinapangisha vyumba vya wanafunzi wakiwa likizo, ni kweli? Na hili goti nilieleze vipi kabla sijalipa? Mzee wangu yeye anasema tutajua huko huko. Ndiyo maana nauliza ninyi.

---

Ngosha_Headington:

Shikamoo mama. Hongera sana kwa kijana. Mimi ni mtu wa Misungwi, nina mwaka wa sita huku, nafanya kazi Headington, upande wa mashariki wa mji.

Kwanza mjue Oxford si chuo chenye geti moja kama mnavyozoea. Ni vyuo zaidi ya 30 vilivyotawanyika mjini katikati ya maduka na makanisa. Kwa hiyo hoteli ikiandika "karibu na chuo kikuu" haijakwambia kitu. Wewe pima umbali kutoka Sheldonian, Broad Street, maana mahafali hufanyika humo. Ni jengo la Christopher Wren, lilijengwa kati ya 1664 na 1669, na sherehe inaendeshwa kwa Kilatini. Mama asihangaike kutafuta mkalimani, wengi humo ndani hawaelewi kama yeye. Kuna kipande wahitimu wanatoka nje kisha wanarudi wamevaa majoho mapya. Hapo ndipo mtapiga vigelegele, kwa adabu lakini.

Viti vya wageni kule juu ni mabenchi ya mbao na ngazi zake si za mchezo. Mwambie kijana aandikie chuo chake sasa hivi kwamba bibi ana goti, wampe nafasi ya chini. Asisubiri wiki ya mwisho.

Kulala: msing'ang'anie katikati. Ukivuka daraja la Magdalen (huku wanalitamka "Modlini", kijana atakucheka ukisoma kama lilivyoandikwa) unakuta mzunguko wa barabara unaogawa njia tatu: St Clement's, Cowley Road na Iffley Road. Iffley Road ina nyumba za wageni za familia, chumba na kifungua kinywa, na mabasi yanapita mlangoni hadi High Street, katikati ya mji. Cowley Road ndiyo Makoroboi ya huku: maduka ya vyakula vya Kiasia na Kiafrika, nyama ya halali, kelele hadi usiku. Kula huko, lala Iffley.

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow msipitie London. Kuna basi la moja kwa moja, usiku na mchana, kama saa moja na nusu. Mkishapita Headington linashuka St Clement's kisha High Street, mwisho ni kituo cha Gloucester Green. Mwambieni dereva mnashuka wapi, msifike mwisho na mabegi mkaanza kurudi nyuma.

Na gari msikodi. Maegesho ya katikati ya mji yatawamaliza.

---

Mzee_wa_Kivuko:

Mama, mimi mchango wangu ni mdogo lakini niliulipia. Mwaka fulani nilikwenda kwa rafiki yangu Oxford, nikabuki hoteli nzuri kwa bei nzuri, nikafurahi kweli. Nafika Uingereza namwonyesha dereva teksi anuani, ananiangalia. Kumbe nilibuki Oxford Street. London! Rafiki yangu yuko kilomita 90 kutoka hapo, ni kama kutoka Mwanza hadi Magu na ukaendelea mbele. Hela hairudi. Nililala huko usiku mmoja nikiitazama dari.

Soma anuani mpaka mwisho. Msimbo wa posta wa Oxford unaanza na OX.

Na kama kuna mtu kakuwekea pauni za karatasi za zamani ndani ya Biblia, za 20 na za 50, ziacheni. Baada ya tarehe 30 Septemba 2022 madukani hazipokelewi, zilizopo ni za plastiki. Kwanza huko wengi wanataka kadi tu.

---

MamaGesti_Kirumba:

Mzee wa Kivuko umenichekesha mpaka mteja wa namba 6 katoka kuuliza kuna nini. Pole lakini.

Zile pauni za karatasi unajuaje kama ninazo? Mbili za 20, aliniachia mgeni mwaka 2015. Basi.

Ngosha, mwanangu, asante. Iffley Road nimeiandika kwenye daftari la wageni. Sasa hivi vyumba vya vyuo, mbona hujavisema? Mzee wangu kaona picha ya ukumbi wa kulia chakula wenye meza ndefu na picha za mababu ukutani, na sasa ndiyo anautaka. Anasema akirudi awaambie wenzake wa kwenye bao kwamba alikunywa chai Oxford kwa maprofesa.

---

Dada_Pasiansi:

Hapo kwenye vyumba vya vyuo niulizeni mimi. Nilikaa usiku tatu mwaka juzi, nilikwenda kwenye mkutano.

Ni kweli wanapangisha, hasa likizo. Mihula yao ni mitatu, wiki nane nane, wa mwisho unaishia mwezi wa sita, kwa hiyo mwezi wa saba vyumba vipo. Bei mara nyingi iko chini ya hoteli ya jirani, na chai ya asubuhi kwenye ule ukumbi ni kitu cha kusimulia kweli, shemeji hajakosea.

Lakini mama, hicho ni chumba cha mwanafunzi. Kitanda cha mtu mmoja, meza ya kusomea, taa ya kusomea. Vingine choo kiko nje kwenye korido, lazima usome vizuri. Majengo yenyewe ya kizamani yamegawanywa kwa ngazi: unapewa namba ya ngazi, kisha namba ya chumba. Changu kilikuwa juu kabisa, ngazi za mawe zinazozunguka, zimelika katikati kama mawe ya kusagia ya bibi zetu. Lifti hakuna. Nilipandisha begi nikalilaani kila kituo. Kwa bibi yenu hapana kabisa, labda mpate chuo kinachoahidi kwa maandishi chumba cha chini. Shemeji peke yake, sawa, akalale huko na maprofesa wake.

Kuhusu kuuliza hoteli, usiwaulize "kuna lifti?" tu. Watasema ipo, kumbe kabla ya kuifikia kuna ngazi sita. Uliza: kutoka barabarani hadi kitandani kuna ngazi ngapi. Na bafu! Hili watu husahau. Nyumba nyingi za zamani zina lile sinki refu la kulala, unanyanyua mguu mpaka usawa wa goti ndipo uingie. Bibi atashindwa, au ataanguka. Omba bafu la kusimama lisilo na kizingiti.

Mengine madogo. Kiyoyozi usikitegemee kwenye nyumba za aina hiyo, na siku za joto vyumba vya juu vinawaka. Birika la umeme na majani ya chai mtavikuta chumbani. Soketi ni za pini tatu kama zetu, chaja zenu zitaingia bila kuongeza kitu. Na mwezi wa saba jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwenye saa kumi na moja alfajiri linachomoza, kwa hiyo ulizia mapazia mazito, la sivyo bibi atawaamsha saa kumi na moja akidhani mmechelewa shamba.

---

Ngosha_Headington:

Dada Pasiansi kamaliza kwenye ngazi. Naongeza moja kwa wanaotaka kulala katikati: chuo cha Christ Church kina kengele kubwa, inaitwa Great Tom. Kila siku saa tatu na dakika tano usiku inagonga mara 101, kwa hesabu ya wanafunzi wa mwanzo. Zile dakika tano ni kwa sababu jua la Oxford liko nyuma ya lile la Greenwich kwa dakika tano, na wao mpaka leo hawajakubali kuziachia. Ni kama sisi tugome kufuata saa ya Dar kwa kuwa jua la Mwanza liko nyuma kwa dakika 25 hivi.

Mama, usiku tano za nini? Njooni Alhamisi, muondoke Jumatatu. Usiku wa Jumapili huwa na bei nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Na wikiendi ya mahafali wazazi wote wanatafuta vyumba kwa pamoja, usichelewe.

Ila chukua bei inayoruhusu kughairi. Kama viza haijatoka, usilipe kisichorudi hata kama kina punguzo.

---

Mzee_wa_Kivuko:

Na mkiwa huko mpandisheni bibi kwenye mashua pale chini ya daraja la Magdalen. Ni mashua bapa, inasukumwa kwa pondo ndefu, mwenyewe unasimama nyuma. Nilidhani mtu wa ziwa kama mimi nitawaonyesha Wazungu kazi. Pondo ilinasa kwenye tope, mashua ikaenda, nikabaki naning'inia. Mtoto wa kama miaka kumi ndiye aliyenirudishia.

---

MamaGesti_Kirumba:

Nimerudi na majibu, wanangu.

Kwanza nimeacha mtandao. Mimi mwenyewe ile mitandao ya kubuki inanikata asilimia 15, na mgeni akinipigia simu moja kwa moja huwa namshushia kidogo kwa sababu tunagawana kile ambacho kingekwenda kwao. Nikajiwazia, mwenye gesti wa Iffley Road naye si mwenye gesti tu? Jana saa tisa mchana hapa kwetu, kwao saa saba, muda ambao wageni wa jana wameondoka na wa leo hawajafika, nikapiga. Akapokea mama mwenyewe. Unamjua mwenye nyumba kwa sauti. Mfanyakazi anasema "subiri niangalie", mwenye nyumba anajibu.

Mtandaoni chumba cha vitanda viwili kilikuwa pauni 130. Kanipa kwa 118, chai ya asubuhi ndani yake, na kughairi bure mpaka siku saba kabla. Alhamisi hadi Jumatatu, pauni 472, milioni moja na nusu na ushee. Mimi na mama mkwe tutalala humo. Tumezoeana, na akikoroma namgeuza.

Mzee wangu atalala kwa kijana, kapanga nyumba na wenzake Cowley Road. Kanuna siku mbili kwa ajili ya ule ukumbi wa maprofesa, mpaka kijana kamwambia atamwombea chakula cha mchana chuoni kwake siku ya mahafali. Sasa anapiga pasi suti. Mwezi wa saba bado uko mbali, lakini anapiga pasi.

Ndege inatua alfajiri na chumba kinafunguliwa saa tisa mchana. Yule mama kakubali mabegi yakae kwake, na bibi akae sebuleni na chai wakati wanatandika. Hilo sikumwomba, alilisema mwenyewe nilipomtajia miaka 71.

Bafu ni la kusimama, kizingiti hakuna. Nimeomba picha, kanitumia, na haikupigwa kutoka kwenye kona. Chumba kiko chini, nyuma, kinatazama bustani. Nikamuuliza kama Dada Pasiansi alivyonifundisha: kutoka barabarani hadi kitandani, ngazi ngapi? Akanyamaza kidogo, nikasikia anatembea na simu, mlango ukafunguliwa, magari yakasikika, akawa anahesabu kwa sauti. Nne. Akaniuliza, anaweza ngapi? Nikamwambia kumi.