Mrejesho: Lile daftari la michango ya uji

Wakuu, ni mimi mwalimu mkuu mgeni wa hapa Tanga, niliyeuliza nifanyeje baada ya kukuta michango ya uji inakusanywa bila stakabadhi, wakati elimu bila ada ipo tangu 2016. Wengi mlisema nimripoti mtunza daftari. Roho ilisita. Niliita kamati ya shule, tukabandika mapato na matumizi ukutani: unga, sukari, kuni, mpaka kiberiti cha shilingi 100. Mwenzangu huyo mtunza daftari alininunia wiki mbili, salamu anaitikia kwa mguno. Jumatatu kaja mwenyewe na kalamu, kasahihisha hesabu ya sukari. Aliyekosea nilikuwa mimi! Stakabadhi zinakatwa sasa. Wazazi wachache bado hawaniamini, nami nawaelewa.