Nimeuziwa brashi ya kunyolea ndevu kwa jina la "nywele asilia": imenichubua uso, na muuzaji hataki kutaja mnyama

Ndugu zangu wanajukwaa, assalamu alaikum, na kwa wengine habari za jioni. Wiki tatu nimevumilia nikitaraji kwamba muuzaji atajirudi, hakujirudi, na leo nimeona niyaweke malalamiko yangu hapa kwa kirefu ili mwingine asipite njia niliyopita.

Mwezi uliopita nilinunua brashi ya kunyolea ndevu katika duka moja la Kariakoo kwa shilingi 45,000. Bei hiyo kwa brashi si ndogo, na niliikubali kwa sababu kijana aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ni ya nywele za baja halisi, yule mnyama wa Ulaya na Asia anayekaribiana na nyegere wetu, ambaye nywele zake husifiwa kwa ulaini na kwa kushika maji. Kwenye boksi kulikuwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nywele asilia" na hakuna lingine. Halikutajwa jina la mnyama, wala nchi ilikotengenezwa.

Siku ya kwanza niliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikaisugua kwenye sabuni, nikaanza kuzungusha povu shavuni. Nilihisi kama ninasuguliwa kwa kumbi la nazi. Niliendelea kwa kudhani kwamba brashi mpya ndivyo zilivyo, nikanyoa, na nilipopitisha shabu shingoni kama ninavyofanya siku zote, ilinichonyota hadi machozi yakanitoka. Kufikia siku ya nne shingo yote chini ya taya ilikuwa imejaa vipele, vingine vimetunga usaha, na jioni nilipovua shati niliukuta ukosi umeganda kwenye ngozi. Sijawahi kupata jambo hilo katika miaka yote niliyonyoa kwa povu la kopo na kiganja cha mkono.

Nilirudi dukani nikiwa na brashi na shingo yangu kama ushahidi. Jibu nililopewa ni hili: "Mzee wangu, brashi mpya lazima ikwaruze kidogo, ngozi itazoea." Nilimwuliza mara mbili, kwa utulivu, hizi ni nywele za mnyama gani. Mara ya kwanza akasema baja. Mara ya pili, baada ya kuona ninazikagua, akasema "ni nywele asilia, mzee, si plastiki", kana kwamba nilikuwa nimeuliza kuhusu plastiki.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye alinieleza kwamba huu haukuwa mzio, bali ni msuguano. Nywele ngumu zikizungushwa kwa kukandamizwa huikwangua ngozi ya juu, kisha wembe hupita pale pale palipokwanguliwa, na shabu au spiriti humalizia kazi. Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili tatizo huwa kubwa zaidi, kwa sababu ndevu zikinyolewa chini sana hujikunja na kurudi kuota ndani ya ngozi, zikaleta vipele, na brashi ngumu ikipita juu ya vipele hivyo huvichana na kuwafungulia bakteria njia. Alinikataza kunyoa kwa wiki nne, akanipa krimu hafifu ya kupaka kwa siku chache tu, na akanionya nisiende kwenye duka la dawa kuomba zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali ambazo watu hujipaka usoni kwa kila kipele. Onyo hilo nalifikisha kwenu kama nilivyopewa, maana nilikuwa njiani kwenda kuinunua.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipoichunguza brashi kwa makini. Nywele ya baja ina mikanda mitatu ya rangi: ni nyeupe shinani, nyeusi katikati, na nyeupe tena nchani, na ncha hiyo huwa nyembamba na laini. Hizi zangu zilikuwa nene shinani kama uzi wa kushonea viatu, na nilipoutazama unywele mmoja mbele ya taa niliona ncha yake imepasuka vipande viwili, vitatu, kama ufagio uliochakaa. Kupasuka huko ni alama ya nywele za nguruwe. Kisha niliiacha brashi ndani ya kikombe cheupe chenye maji ya moto kwa muda wa robo saa. Maji yaligeuka rangi ya chai ya mkandaa, na ule mstari mweusi wa katikati ukaanza kufifia. Kwa maneno mengine, ni nywele za nguruwe zilizopakwa rangi ili zifanane na za baja, na mimi nilikuwa nikiisugua rangi hiyo kwenye ngozi iliyochubuka.

Sisemi kwamba nywele za nguruwe hazifai kunyolea. Wapo watu wengi duniani wanaozipenda, na ni kweli kwamba zikilowekwa vizuri na kutumiwa wiki kadhaa ncha hupasuka zaidi na brashi hulainika. Lakini mtu huyo anajua alichonunua, anajua ailoweke kwa muda gani, na kwa kawaida ameinunua kwa bei ndogo sana. Mimi nililipia kitu kimoja nikapewa kingine, na uso wangu ndio uliogundua kabla ya akili yangu.

Na hapa nafika kwenye jambo linaloniuma kuliko vipele. Mimi ni Muislamu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, nywele za nguruwe ni najisi. Nilikuwa nanyoa alfajiri, povu likinifika midomoni, kisha naswali. Nililazimika kwenda kwa sheikh wetu na kumweleza jambo hili la aibu, nikaosha uso, vyombo na taulo mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa sababu tu mtu mmoja aliona neno "asilia" linatosha kufunika jina la mnyama. Vipele vitapona. Hili la kufanywa nivunje twahara yangu bila kujua, na mtu aliyejua au aliyepaswa kujua, silisamehi kirahisi.

Udanganyifu huu wa kuzifanya nywele za mnyama mmoja zionekane za mwingine si mgeni, na umewahi kuua. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza nywele za baja zilitoka Urusi zikapitia Ujerumani, ambako zilisafishwa na kupangwa. Vita vilipoikata njia hiyo, watengenezaji waligeukia nywele za farasi kutoka Asia, wakazigeuza zifanane na baja, na nyingi hazikuuliwa vijidudu ipasavyo. Kati ya 1915 na 1924 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 200 wa kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumwua mtu, kilichotokana na brashi za kunyolea, askari na raia, hasa Marekani na Uingereza. Sidai kwamba brashi yangu ina kimeta. Ninachosema ni kwamba swali la "nywele hizi ni za nani na zimepita wapi" lilikuwa swali la uhai, na bado mnunuzi ana haki ya kujibiwa.

Wala si jambo lisilowezekana. Malaysia ina amri ya tangu 2013 inayomtaka muuzaji abainishe bidhaa iliyotengenezwa kwa sehemu yoyote ya nguruwe au mbwa, na Februari 2017 maofisa wake walikamata brashi za kupaka rangi zaidi ya 2,000 kwa kushuku kwamba ni za nywele za nguruwe na hazikubainishwa. Kama brashi ya kupakia rangi ukutani inastahili kuandikwa jina la mnyama, ya kupakia povu mdomoni mwa mtu itakosaje?

Brashi ninayo, boksi ninalo, risiti ninayo, na picha za shingo nilizipiga siku ile ya nne. Nimekwisha kuandika barua kwa Tume ya Ushindani, chombo cha serikali kinachomlinda mlaji. Kwa mliowahi kununua brashi za aina hii, naomba mziloweke kwenye kikombe cheupe na maji ya moto kwa robo saa, mtazame ncha mbele ya taa, kisha mniandikie hapa mlichokiona, mlinunua mwezi gani na kwenye boksi kumeandikwa nini, ili niviambatanishe na barua ya pili. Vinyozi mlio humu nanyi pia nawaomba sana, kwa kuwa brashi yenu moja hupita kwenye nyuso za watu wengi kwa siku.